Sindano nimeipaka vanishi, mbona korona ya umeme bado iko? Wenye kuelewa tusaidianeni

#1 mwana_tudor

Asalam alaykum ndugu zangu, na salamu kwa wote. Mimi nasomea umeme hapa Tudor, Mombasa, mwaka wa pili. Nina jambo limeninyima usingizi wiki mbili sasa, na nimelileta hapa kwa kuwa humu mna mafundi na walimu.

Nimeunda kifaa kidogo cha kuonyesha korona, yaani ule mng'ao wa umeme unaovuja hewani kwenye ncha ya chuma chenye voltiji kubwa. Nilitoa flaibeki (transfoma ya voltiji kubwa) kwenye TV ya zamani ya kichogo, ile ambayo diodi imo ndani kwa ndani, kwa hivyo yatoa DC, umeme wa upande mmoja. Naiendesha ikae karibu na kV (kilovolti) 15. Juu nimefunga sindano ya kushonea, ncha yatazama chini. Chini yake, umbali wa sentimita 4, kuna bati bapa lililoungwa na ardhi kupitia mita ya maikroampia. Sindano ikiwa tupu, nikizima taa naona kinyota cha zambarau kwenye ncha, nasikia mchirizo kama mafuta yanayoanza kupata moto, na mita yatulia kwenye 25. Harufu yake waijua waliokaa karibu na mashine za fotokopi.

Shida ilianza nilipotaka kuizima. Raba niliyofungia waya ilipasukapasuka ndani ya siku 4, nikajua ni ozoni. Nikasema, ikiwa korona yaanzia kwenye chuma, nikikifunika chuma kwa kihami, yaani insulesheni, mambo yamekwisha. Nikanunua vanishi ya mota, nikaipaka sindano mara tatu.

Nilipowasha, mita iliruka, kisha ikashuka hadi sifuri kwa sekunde chache. Nikafurahi. Baada ya nusu saa ikaanza kurudi yenyewe: 6, 9, sifuri, 8, kwa kurukaruka. Nikazima taa nikaona vinyota viwili, kimoja nchani na kingine ubavuni, milimita 3 juu ya ncha, mahali ambapo sindano tupu haikuwa ikiwaka kabisa.

Siku ya pili nikaweka sindano mpya isiyopakwa, nikapaka bati la chini badala yake, rangi ya mafuta iliyobaki nyumbani. Nilitarajia mkondo upungue. Ukapanda hadi 40, na mara mbili cheche ikaruka kutoka juu hadi chini. Haijawahi kuruka kabla ya hapo!

Siku ya tatu rafiki akanipa flaibeki ya aina ya kale isiyo na diodi, yaani AC, umeme unaogeuka upande kila mara. Sindano iliyopakwa ikawaka manyoya ya zambarau pande zote, na haikuzimika hata nilipongoja saa nzima, lakini mita yangu ya DC ikasoma karibu na sifuri.

Kila mara ni kihami tu. Mara kinazima, mara kinawasha, mara kinazidisha. Vanishi yafanya nini hasa?

#2 kaka_kongowea

Mdogo wangu, tabaka tatu ni chache. Paka kumi, kisha zungushia tepu nyeusi. Umeme ukikosa pa kutokea hautoki. Nimefunga nyaya za maduka zaidi ya miaka 10 na sijaona insulesheni nzito ikashindwa.

#3 mzee_wa_koili

Mwanangu wa Tudor, kwanza usalama, mengine yafuate. Nyumba ya flaibeki hubaki na chaji baada ya kuchomoa. Tengeneza ufito mkavu, uufunge waya wa ardhi kwenye ncha, na uguse sehemu zote za juu kabla mkono wako haujasogea. Mkono mmoja mfukoni. Usifanye kazi hiyo peke yako usiku. Na fungua dirisha, ozoni yaumiza kifua.

Kaka Kongowea, waya wa duka ni volti 240. Pale insulesheni kazi yake ni kuzuia mkono na shoti. Korona ni mnyama mwengine. Mimi naunga mota tangu ujana wangu na nimeona koili zilizochovywa vanishi vizuri tu zikiliwa kidogokidogo. Nina swali langu pia, nitalileta baadaye. Acha kwanza walimu waseme.

#4 maalim_likoni

Mwana Tudor, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umebadilisha kitu kimoja kwa wakati na ukaandika ulichokiona. Nitajibu sehemu ya mwanzo tu, yaani korona huanza lini.

Hewa ya kawaida huvunjika, yaani huanza kupitisha umeme, uga wa umeme (msukumo wa voltiji katika kila sentimita) ukifika takriban kV 30 kwa kila sentimita, ikiwa uga umeenea sawasawa. Kati ya sindano yako na bati haukuenea sawa. kV 15 kwa sentimita 4 ni wastani wa chini ya 4 tu, lakini karibu yote hujazana pale nchani. Elektroni moja iliyo huru pale hugonga molekuli na kutoa nyingine, mbili huwa nne, nne huwa nane. Huo mporomoko ndio kinyota chako. Mbali kidogo na ncha uga umeshafifia, mporomoko hufa, na kinachobaki ni ayoni, chembe za hewa zenye chaji, zinazotembea polepole hadi kwenye bati. Ndizo zinazosomwa na mita.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mhandisi wa Marekani F. W. Peek alipima nyaya za kila unene na kutoa fomula ambayo mpaka leo twaitumia kwa nyaya za njia kuu za umeme. Tuchukue waya laini wa nusukipenyo milimita 1, ulio katikati ya bomba la nusukipenyo sentimita 10, kwa sababu hesabu yake ni safi kuliko ya sindano. Ukiwa tupu, korona yaanza kwenye kV 28.

Sasa upake vanishi ya milimita 0.05, ambayo ni unene wa tabaka zako mbili tatu. Vanishi nyingi zina kipimo cha dielektri cha karibu 3, hewa ikiwa 1. Maana yake uga ndani ya vanishi ni theluthi ya ule ulioko hewani nje yake tu. Ukipiga hesabu upya, korona yaanza kwenye kV 29. Yaani hujapata kitu!

Upake sasa nusu milimita nzima: yaanza kwenye 36. Hapo Kaka Kongowea atasema si nilisema. Lakini subiri. Chukua waya mtupu, usio na vanishi hata chembe, wa nusukipenyo milimita 1.5, yaani unene ule ule kwa nje. Wenyewe waanza kwenye 35. Kumbe karibu faida yote imetokana na unene. Uhami wenyewe umeongeza kV 1.

Hii ni hesabu ya AC, au ya DC katika dakika ile ya kwanza kabla chaji haijakaa juu ya vanishi. Uga haujali kwamba chuma kimefichwa. Wapita kwenye vanishi kama mwanga upitavyo kwenye kioo, na hewa iliyo nje inaumia vile vile.

#5 kaka_kongowea

Maalim nimekuelewa, lakini umenipa nusu ya haki. Nene ni bora kuliko nyembamba. Tepu ni nene. Kwa nini asifunge tepu?

#6 mwana_tudor

Kaka, nimeifunga leo mchana, mikunjo minne ya tepu ya PVC, kwenye ile AC. Sindano niliitoa nikaweka waya mnene wa milimita 2, kwa sababu sindano ilitoboa tepu. Bila tepu waya ule ulikuwa kimya kwenye voltiji hiyo. Nilipofunga tepu ukaanza kunong'ona. Nikazima taa: mstari mwembamba wa buluu ulikuwa *chini* ya tepu, ukifuata ule upindo ambapo mkunjo mmoja wapanda juu ya mwenzake. Baada ya dakika 20 gundi ya tepu ikawa yanuka.

Sasa ndiyo nimechanganyikiwa zaidi.

#7 binti_kilindini

Shikamoo Mzee wa Koili, shikamoo Maalim. Kazi yangu ni kupima insulesheni za voltiji kubwa, kwa hivyo uzi huu umenishika.

Naanza na tepu maana ndiyo fundisho zuri. Chini ya kila upindo wa tepu kuna kanali ndogo ya hewa ambayo gundi haikuijaza. Hewa hiyo imebanwa kati ya chuma na plastiki. Maalim ameeleza kwamba uga ndani ya kihami ni mdogo kuliko wa hewani. Geuza maneno hayo: kipande chembamba cha hewa kilichonaswa ndani ya kihami hubeba uga mkubwa kuliko kihami kinachokizunguka. Ikiwa plastiki ina kipimo cha 3 na hewa imekaa bapa kama karatasi, ni mara 3 kamili. Na hewa ndiyo dhaifu kati ya hao wawili. Plastiki yaweza kustahimili uga mkubwa mara kumi kuliko hewa, lakini mzigo umemwangukia mnyonge.

Kwa hivyo Kaka, tepu si nene tu. Ni plastiki, hewa, gundi, hewa, plastiki. Ukitaka unene ufanye kazi, lazima uwe umeshikamana na chuma bila pengo hata la nywele. Ndiyo maana kebo za voltiji kubwa plastiki yake humiminwa ikiwa moto juu ya waya kiwandani, na kati ya waya na plastiki huwekwa tabaka jeusi linalopitisha umeme kidogo, ili kama kuna pengo dogo upande ule lisibebe uga wowote.

Sasa mambo yako matatu, mdogo wangu.

La kwanza, DC na sindano iliyopakwa. Ulipowasha, uga ulipenya vanishi na hewa ya nje ikavunjika, mita ikaruka. Lakini chaji zinazorudi kwenye sindano hazikuweza kuingia kwenye chuma. Zikakaa juu ya vanishi. Sindano yako ni chanya, kwa hivyo elektroni na ayoni hasi zilijipanga pale nje, na kila moja ilipunguza uga wa hewani. Zilipotosha, hewa ikatulia na mita ikashuka hadi sifuri. Korona ilijifungia mlango yenyewe. Voltiji yote iliyokuwa hewani karibu na ncha sasa imehamia ndani ya vanishi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Vanishi ya milimita 0.05, hata ikiwa nzuri ya kustahimili kV 50 kwa milimita, yabeba kV 2.5 tu. Wewe una 15. Na jambo la pili: vanishi ikiwa majimaji hujivuta. Mvutano wa uso huiondoa kwenye kila ukingo mkali na kuikusanya ubavuni. Mahali pembamba kuliko pote ni ncha, yaani palepale ulipotaka ulinzi. Baada ya nusu saa nchani pakatoboka. Kile kinyota cha ubavuni naamini ni kiputo kilichopasuka wakati wa kukauka. Umebaki na vitundu viwili badala ya ncha moja, na kila kitundu kina mahali ambapo chuma, vanishi na hewa vyakutana. Makutano ya watatu hao hukuza uga kuliko chuma kitupu kilicho laini. Mkondo ukirukaruka ni kwa sababu chaji hujaa kuzunguka kitundu, hukizima, kisha huvuja, nacho huwaka tena.

#8 binti_kilindini

Naendelea, ile ya juu ilikuwa ndefu.

La tatu kabla ya la pili: AC. Kwenye AC chaji zilizokaa juu ya vanishi hazipati muda wa kuzima kitu. Nusu ya mzunguko zinapinga uga. Nusu inayofuata voltiji imegeuka, na chaji zile zile sasa zinausaidia. Ndiyo maana ikishawaka yaweza kuendelea hata ukishusha voltiji chini ya ile iliyoiwashia. Vanishi kwenye AC ni kapasita, kitu kinachoweka chaji na kuruhusu AC ipite. Tuseme sentimita moja ya mraba ya vanishi ya milimita 0.1: ni kama pikofaradi 27. Kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde hiyo ni kama kizuizi cha megaomu 120. Lakini flaibeki za TV zetu ziliundiwa mizunguko 15,625 kwa sekunde, na hapo kizuizi kile kile ni kiloomu 380 hivi. Kwa masafa hayo vanishi yako ni kama mlango ulioachwa wazi. Mita ya DC ilisoma sifuri kwa sababu mkondo ulienda na kurudi sawasawa. Haikumaanisha kwamba hakuna mkondo.

Na wala si jambo la ajali. Werner von Siemens alitumia mpango huu mwaka 1857 kutengeneza ozoni: hewa kati ya elektrodi zilizofunikwa kioo, na AC juu yake. Kioo huzuia cheche moja nene isitokee na badala yake huigawa katika maelfu ya vicheche vidogo, kila kimoja kikidumu kwa nanosekunde. Mitambo ya ozoni ya kusafishia maji ingali yafuata njia hiyo. Wewe ulitaka kuzima ozoni ukaunda mashine ya ozoni.

#9 maalim_likoni

Binti, Mungu akuzidishie. Niachie lile la pili, la bati, kwa maana nalisomesha kila mwaka nikitumia vumbi la chokaa.

Mwana Tudor, rangi ya mafuta iliyopakwa kwa haraka ina matundu madogo mengi. Ayoni chanya zinafika kwenye bati na kukwama juu ya rangi. Tukadirie maikroampia 25 zimeenea kwenye sentimita 150 za mraba: ni miliampia 1.7 kwa mita ya mraba. Tabaka lenye ukinzani wa omu-mita bilioni 10 likipitisha mkondo huo, uga ndani yake wapaswa kuwa kV 17 kwa milimita. Hewa iliyo kwenye matundu ya rangi haiwezi hata robo yake. Ikavunjika mle mle, na kila tundu likawa sindano ndogo inayotazama juu, ikimimina chaji hasi kuelekea sindano yako.

Sasa una watu wanaotoka juu na wanaotoka chini. Ayoni chanya zilizokuwa zimejaa katikati, ambazo ndizo zilikuwa zikibana mkondo usizidi, zikakutana na hasi na kufutana. Mkondo ukapanda hadi 40. Na njia ikawa nyepesi kwa cheche. Hii huitwa korona ya nyuma.

Watu wa viwanda vya saruji waijua kwa machungu. Mitambo ya kunasa vumbi kwa umeme ina waya wa korona na sahani kubwa. Vumbi la tanuri likiwa kavu sana na moto, tabaka lake kwenye sahani huwa kihami kizuri mno, korona ya nyuma huanza, na vumbi hutoka bombani badala ya kunaswa. Dawa yao moja ni kunyunyizia maji kwenye gesi kabla haijafika mtamboni, ili vumbi lipitishe kidogo. Kwenye sahani ile, kihami bora ni hasara.

Ukitaka kuliona gizani, rudia na sahani iliyopakwa: utaona madoa mengi madogo yanayong'aa kwenye rangi yenyewe, mbali na sindano.

#10 mwana_tudor

Nimerudia. WALLAHI YAPO. Niliyahesabu 11, yamekaa kama nyota, mengine yanazimika na kuwaka. Nimekaa nikiyatazama mpaka mama akaniita chakula mara tatu.

#11 kaka_kongowea

Maalim, Binti, nimekubali. Nilidhani insulesheni ni ukuta. Nauliza sasa kwa nia ya kujifunza: hawa wa TV miaka ile walikuwa wanapaka nini kwenye kile kifuniko cha juu cha flaibeki? Walikuwa wanapaka kitu na hakikuwaka.

#12 mzee_wa_koili

Nakujibu mimi, maana nilitengeneza TV kabla ya mota. Tulikuwa na vanishi yake maalumu, ndiyo, lakini ile ilikuja mwisho. Kwanza kila kiungo cha solda upande wa voltiji kubwa kilifanywa mviringo kama tone la asali. Fundi aliyeacha mkia wa solda alirudishiwa TV yake wiki hiyo hiyo, ikinuka na ikitoa mistari kwenye picha. Kisha pakasafishwa kwa spiriti, jasho la vidole litoke. Ndipo pakapakwa, nzito, bila kiputo. Sikujua sababu kwa hesabu kama alivyozitoa Maalim, lakini mkono ulijua.

Sasa swali langu. Kuna mota ya kW 15 imenijia mara ya tatu mwaka huu, ya chumba cha barafu cha samaki. Naifunga upya, nachovya vanishi, nakausha, inafanya kazi miezi mitatu, inaungua. Kila mara ni koili za mwanzo za kila fezi, zile zinazopokea waya wa nje. Nikifungua nakuta unga mweupe juu ya enameli, ule mpako wa kihami wa waya, na kopa imeota kijani kidogo. Voltiji ni 415 tu. Tofauti na zamani ni moja: wameweka inveta, kile kifaa cha kubadili kasi ya mota, na inveta iko ofisini, mota iko nyuma kabisa, kebo ni kama mita 60. Je, ni haya haya?

#13 binti_kilindini

Mzee wangu, ni haya haya, na umeyataja yote mwenyewe.

Inveta hugeuza 415 kuwa DC ya karibu volti 587, kisha huikatakata kwa kasi sana. Ukingo wa kila pigo ukifika mwisho wa kebo ndefu hukuta mota, hurudi kama wimbi la bahari lililogonga ukuta, na pale kwenye mota voltiji yaweza kufika maradufu, karibu 1,170. Pigo lenyewe ni la ghafla mno hata halipati muda wa kugawanyika sawa kwenye koili zote. Sehemu kubwa huangukia mizunguko ya mwanzo. Hizo ndizo koili zako zinazoungua.

Sasa fikiria nyaya mbili za enameli zimelaliana. Pale zinapogusana hakuna hewa. Hatua ndogo pembeni kuna pengo jembamba kama kabari. Hewa, kwa kanuni ya Paschen, haivunjiki kabisa chini ya volti 330 hivi, hata pengo liwe la namna gani. Mota ya zamani iliyounganishwa moja kwa moja, waya mmoja na jirani yake walitofautiana volti chache tu, hawakuufikia mpaka huo maisha yao yote. Kwa inveta wanaufikia, maelfu ya mara kwa sekunde. Kila pigo ni kicheche kwenye ile kabari. Kila kicheche hung'oa chembe ya enameli. Ozoni na oksidi za naitrojeni zikikutana na unyevu wetu wa hapa pwani hutoa asidi ya nitriki. Huo ndio ukijani kwenye kopa. Unga mweupe ni enameli iliyoliwa.

Vanishi ya kuchovya ikijaza ile kabari yote, hewa haipo na kicheche hakina pa kukaa. Ikiacha viputo, umerudi kwenye tepu ya Kaka. Wewe wachovya mara ngapi, na wakausha vipi?

#14 mzee_wa_koili

Mara moja. Naikausha kwa taa, saa nne tano, wateja wana haraka. Vanishi ni ile ya kukauka kwa hewa.

#15 binti_kilindini

Basi Mzee, ile ya hewa hukauka ngozi ya juu kwanza na kiyeyusho hubaki ndani, na kikitoka huacha vitundu. Pasha koili kwanza unyevu utoke, chovya ikiwa bado vuguvugu mpaka viputo viishe kupanda, iache ichuruzike, oka kwenye oveni kwa joto lililoandikwa kwenye kopo, kisha rudia ukiigeuza juu chini. Tumia waya ulioundiwa inveta, enameli yake ina chembe za madini zinazostahimili vicheche. Weka karatasi kati ya fezi na fezi, na usiruhusu mzunguko wa kwanza ulale juu ya wa mwisho. Na mwambie mwenye mota aisogeze inveta karibu, au aweke choki ya kulainisha mapigo. Bila hilo la mwisho utakuwa unapigana na mwizi aliye na ufunguo.

Jambo moja zaidi, Mzee, labda uliliona bandarini au kwenye mitambo mikubwa: koili za mota za kV 11 ni nyeusi.

#16 mzee_wa_koili

Nimeziona! Nyeusi kama zimepakwa makaa, halafu kijivu kwenye shingo. Nikadhani ni rangi ya kampuni.

#17 binti_kilindini

Nyeusi ni grafaiti, yapitisha umeme. Imepakwa makusudi *nje* ya insulesheni, ndani ya mfereji wa chuma, ili pengo la hewa kati ya koili na chuma liwe na voltiji sawa pande zote mbili. Hewa ipo, uga haupo, korona haipo. Kijivu pale shingoni ni kabidi ya silikoni, ambayo hupitisha zaidi uga ukipanda, kwa hivyo huutandaza uga badala ya kuuacha ujazane ukingoni. Wale waliotaka kuzima korona kabisa hawakuongeza kihami. Walipaka kisichokuwa kihami.

#18 maalim_likoni

Hilo nitalipeleka darasani kesho.

#19 mwana_tudor

Narudi na matokeo. Baada ya maneno ya Mzee kuhusu tone la solda, niliitoa sindano nikaweka gololi ya beringi ya milimita 8. Tupu, nimeisugua ing'ae. kV 15, sentimita 4: mita sifuri, kimya, giza totoro. Nilipiga hesabu mwenyewe: uga kwenye ngozi yake ni karibu kV 40 kwa sentimita, na gololi ya kiasi kile yahitaji zaidi ya 50 kuanza. Nikaipaka vanishi, hakuna tofauti niliyoweza kuiona. Nikaifuta.

Kisha nikaiacha dirishani usiku, dirisha latazama baharini, na upepo wa kusi unavuma. Asubuhi nimewasha, ikawa yatema sehemu mbili. Nimeipangusa kwa kitambaa na spiriti, ikatulia tena. Nimefurahi na nimeshangaa.

#20 binti_kilindini

Ni chumvi, mdogo wangu. Chumvi ya bahari ikikaa juu ya kitu huvuta maji mpaka iyeyuke hewa ikipita unyevu wa asilimia 75, na usiku wetu wa pwani hupita hapo mara nyingi. Kila tone ni kilima kidogo, na uga ukilivuta hujichongoa lenyewe. Hapa ndipo mpako wa kihami unapostahili heshima yake. Silikoni inayopakwa kwenye vikombe vya kauri vya nyaya za pwani nyingi duniani haipo pale ili kuzuia umeme usipenye. Ipo ili maji yabaki matone yaliyotengana badala ya kuwa utando mmoja unaopitisha, na mafuta yake mepesi hupanda hata juu ya uchafu ulioingia. Jaribu: paka gololi moja silikoni nyembamba, nyingine iache, zote dirishani usiku tatu. Andika saa na unyevu.

#21 mzee_wa_koili

Mwana Tudor, Jumamosi nitakuwa Shimanzi kwa jamaa yangu mwenye oveni. Ile mota ya samaki nimeifungua tena, waya wa inveta nimeupata. Tutaipasha saa mbili asubuhi na kuichovya kabla ya adhuhuri. Njoo na mita yako na hizo gololi. Kaka Kongowea, nawe ukiwa na nafasi, njoo utushikie kamba, mota ni nzito.

#22 kaka_kongowea

Nipo Mzee. Nakuja na pikapu.